Sheria ya Hawa Wote Wanakaa Hapa

Katika nchi moja ambayo raia wake hawaruhusiwi kuitaja kwa jina wakiwa wamekaa, palikuwa na mji mkubwa. Na kwa kuwa huenda wewe msomaji umekaa, tuliache jina hilo mahali lilipo, tuendelee na mji.

Mji wenyewe ulikuwa umejaa. Nyumba ziliegemeana, watu walipishana kwa kugeuka ubavu, na magari yaliegeshwa pande zote mbili za kila njia, mengine yamepandisha tairi juu ya baraza za watu. Hakuna aliyeona ubaya. Ukitaka kutoa gari lako unampigia jirani honi, jirani anatoka na kikoi chake, anasogeza lake, mnaulizana hali za nyumbani, kila mtu anakwenda zake.

Mambo yalibadilika siku Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Taifa alipokwenda Mtaa wa Kidarajani kufungua bomba la maji. Bomba hilo lilikwisha kufunguliwa na viongozi wengine kabla yake, lakini kwa kuwa maji yalikuwa hayajatoka, lilistahili kufunguliwa tena. Msafara ulipofika haukupata pa kusimama. Ikabidi Mheshimiwa ashuke kwenye kona na kutembea kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu, hadi kwenye bomba. Walioshuhudia wanasema alitembea vizuri tu. Njiani aliyatazama magari yaliyojipanga, akamwuliza msaidizi wake, "Hawa wote wanakaa hapa?"

Hakusema neno jingine. Alifungua bomba, maji hayakutoka, watu wakapiga makofi, akaondoka. Lakini katika nchi ile swali la Mheshimiwa haliachwi likielea hewani. Baraza la Mawaziri lilikaa likalichambua neno baada ya neno, na haukupita muda ikatangazwa Sheria ya Hawa Wote Wanakaa Hapa. Ilisema kwamba gari halitasimama mtaani isipokuwa liwe la mkaazi wa mtaa huo, na mkaazi atajulikana kwa kibandiko kwenye kioo cha mbele, na kibandiko kitakuwa na picha ya Mheshimiwa akitabasamu.

Waziri wa Maegesho, wizara mpya, alihutubia taifa redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "nchi zingine zimewapa watu wao mahali pa kulala. Sisi tumetangulia mbele zaidi. Tumeyapa magari yenu uraia."

*

Kidarajani hapo aliishi mtu aitwaye Vuai, mfanyakazi wa Idara ya Hali ya Hewa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuinama kidogo hata akiwa uwanjani, kama anayepita chini ya mlango mfupi. Alikuwa mwoga, na mwenyewe alijijua. Akimwona mtu yeyote aliyevaa sare, hata kama ni tarishi, tumbo lilimkata. Mkewe Zuwena, muuguzi wa hospitali ya mji, alizoea kumshika mkono kila walipopita mbele ya kituo cha polisi.

Waliishi pamoja na mama yake Zuwena, Bi Mgeni, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Mwanamke huyu alikuwa ametumia maisha yake kuzuia wanafunzi wenye njaa wasivamie jikoni kwa kutumia mwiko na macho tu, na baada ya hapo hakuwa na habari ya kumwogopa mtu. Nje ya mlango walikuwa na gari dogo la buluu, kuukuu, ambalo mlango wake mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu.

Vuai alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuchukua kibandiko. Alikibandika, akapangusa kioo, akarudi nyuma kukitazama, akaona kimekaa upande, akaogopa kukibandua.

Sasa, vibandiko vile vilichapishwa na mpwa wa Mheshimiwa. Kijana huyo hakuwahi kuchapisha kitu chochote tangu azaliwe, na kamati ya zabuni iliona hiyo ndiyo sifa kubwa, kwamba hakuwa na historia ya kukosea. Wino wake haukupenda jua. Kwanza ilipotea tai ya Mheshimiwa, halafu pua, halafu nyusi, na baada ya wiki chache alikuwa akitabasamu kama mtu aliye upande wa pili wa kioo chenye mvuke.

Watu walidhani watapewa vingine. Badala yake Waziri alirudi redioni. "Picha ya Mheshimiwa haififii," alisema kwa upole. "Kinachofifia ni mapenzi ya mwenye gari. Tutakwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye mapenzi yaliyofifia."

Idara ya Hali ya Hewa nayo ililetewa agizo. Maneno "jua kali" yasitumike tena katika taarifa. Badala yake iandikwe "mwanga wa wastani." Vuai ndiye aliyekuwa akiandika taarifa za asubuhi. Aliandika mwanga wa wastani huku shati limemganda mgongoni kwa jasho, na mkuu wake akamsifu kwa usahihi.

*

Mtu wa kwanza kuchukuliwa mtaani alikuwa Mselemu, fundi cherehani wa nyumba ya pili kutoka kwa Vuai. Wakaguzi wa Ukaazi, vijana wenye makoti ya kijani, walikuja mchana na brekidauni, lile lori la kuvutia magari, lenye mnyororo na kulabu nyuma. Walilitazama gari la Mselemu, wakamtazama Mselemu, wakafunga mnyororo, wakamwomba aingie ndani ya gari lake ili lisijione limeachwa. Aliingia na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Gari lilirudi. Lilirudi limeoshwa vizuri, limetiwa upepo, lina kibandiko kipya chenye nyusi. Mselemu hakurudi. Mkewe, Bi Tatu, alipowauliza wale vijana, walimjibu kwa adabu kabisa, "Mama, wewe umerudishiwa gari. Wengine hata gari hawapati."

Tangu siku hiyo Bi Tatu alikuwa akikaa dirishani kulitazama gari lile, na watu wa mtaa walipita mbali nalo.

Tangu siku hiyo pia Vuai aliacha kulala vizuri. Chakula hakikushuka. Sauti ya mtungi wa gesi ukiburutwa, ndoo kisimani, funguo za mtu anayepita, kila chuma kilichogonga chuma kilimfanya asimame. Zuwena alimkuta mara nyingi amejibanza nyuma ya pazia, anachungulia kioo cha gari.

Watu wakaanza kufunika vioo. Wengine walitumia mablanketi, wengine maboksi, mmoja akatumia zulia la sala. Lakini Waziri alitangaza kwamba kumfunika Mheshimiwa uso ni sawa na kumziba macho asiwaone wananchi wake, na kwamba mwenye kufanya hivyo ana jambo analoficha. Mablanketi yakatoka mtaa mzima kwa wakati mmoja, na jua likaingia.

Ikabaki njia moja, na aliyeivumbua pale Kidarajani alikuwa Bi Mgeni. "Mimi nitakaa ndani ya gari," alisema wakiwa mezani. "Nitashika khanga juu, kivuli kimwangukie huyo mzee wenu. Makoti ya kijani wakitokeza kwenye kona, naiteremsha mapajani. Hapo nimemfunika nani?"

"Mama, kutakuwa na joto," alisema Zuwena.

"Nimesimama mbele ya majiko ya kuni miaka yote hiyo. Joto la gari litanifanya nini?"

Vuai alitaka kusema hapana. Alijua kwamba mkwe wake hapaswi kukaa juani kwa ajili yake. Lakini hofu ilikuwa imemkaba, na alichosema kilikuwa, "Ahsante, mama." Bi Mgeni akamwangalia kwa huruma, akamwongezea mchuzi.

Basi kila siku, adhuhuri mpaka jua lilipojificha nyuma ya ghorofa la mbele, Bi Mgeni alikaa kwenye kiti cha mbele ameinua khanga kwa mikono miwili, akijiimbia. Picha yao ikawa inafifia taratibu kuliko za wengine. Majirani walianza kutafuta bibi zao.

*

Siku yenyewe ofisi ya Vuai ilifungwa mapema, kwa sababu mkuu wa Idara alikuwa amekwenda kuvishwa nishani ya mwanga wa wastani. Vuai alikata kona ya mtaa wake na kuliona brekidauni kabla hajaona kitu kingine chochote.

Lilikuwa mbele ya nyumba yake. Mkaguzi, mwanamume mnene mwenye sauti ya taarabu, alikuwa akigonga kioo cha gari la buluu kwa ncha ya kalamu, na msaidizi wake alikuwa tayari amepiga goti kwenye tairi na mnyororo. Ndani, Bi Mgeni alikuwa amelala. Usingizi ulimpitia mikono ikiwa juu, khanga ikaanguka mbele, ikatanda kwenye kioo chote.

Bi Mgeni aliamka, akaivuta khanga. Nyuma yake Mheshimiwa alikuwa amebaki meno na shati.

"Bibi," alisema Mkaguzi, "unajua ulikuwa umemfunika nani?"

"Nilikuwa nimejifunika mimi, mwanangu. Jua."

"Hakuna jua. Leo ni mwanga wa wastani. Imetangazwa redioni asubuhi."

Vuai alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu yule. Alijua afadhali arudi nyuma kwenye kona, lakini hakuweza kurudi wala kwenda.

"Jina lako nani?" Mkaguzi aliuliza.

"Mgeni."

Mkaguzi akamgeukia msaidizi wake taratibu. "Umesikia. Nimemwuliza mara moja tu, sikumlazimisha."

"Ndilo jina langu," alisema Bi Mgeni. "Mgeni binti Khatibu. Nilizaliwa nyumba imejaa watu wamekuja harusini."

"Mtaa huu ni wa wakaazi tu, na wewe umekiri kuwa mgeni, tena binti wa mtu mwingine kabisa. Gari hili la nani?"

Bi Mgeni alijitia kuikunja khanga. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kumwona Vuai, na Mkaguzi ni mtu aliyesomea kufuata macho.

"Wewe mrefu. Njoo hapa."

Vuai alikwenda. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeukamata ufunguo wa gari, na meno ya ufunguo yalikuwa yanamchoma kiganja.

"Gari hili ni lako?"

Alimwona Bi Tatu dirishani. Aliliona gari la Mselemu, safi, linang'aa.

"Hapana," alisema.

"Na huyu bibi unamfahamu?"

Angeweza kunyamaza. Baadaye, kila alipokumbuka, hilo ndilo lililomtesa kuliko mengine, kwamba hata kunyamaza angeweza. Lakini mdomo ulikuwa umekwisha kushika njia.

"Simfahamu."

Akangoja mkwe wake apige kelele. Bi Mgeni alimtazama muda, kama alivyokuwa akitazama sufuria kujua kama ubwabwa umeiva, akaliona jasho lililokuwa likimtiririka mpaka kidevuni. Kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Hata mimi simfahamu," alisema. "Nimeingia humu kupumzika tu, mlango ulikuwa wazi. Mwacheni kijana wa watu aende zake."

Msaidizi alitaka kumshusha, lakini Mkaguzi alimkataza. Kilichokutwa ndani ya gari, alieleza, ni cha gari, na mkaguzi anayetoa kitu garini ni mwizi. Brekidauni likaunguruma, pua ya gari la buluu ikainuka, na Bi Mgeni akajifunga khanga yake kichwani, akashika kiti, akavutwa akiwa ametazama juu kama mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi. Vuai alisimama pale mpaka sauti ya mnyororo ilipokwisha. Hakuna aliyemsogelea.

*

Zuwena alipotoka kazini alimkuta mumewe kwenye kizingiti.

"Mama yuko wapi? Na gari?"

Alimwambia. Hakuacha kitu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine. Zuwena alisikiliza mkoba ukiwa bado begani.

"Ulisema humfahamu."

"Nilisema."

"Na yeye?"

"Akasema hanifahamu."

Zuwena hakugombeza. Laiti angegombeza. Aliingia chumbani kwa mama yake, akakaa kitandani, akaikunja upya nguo iliyokuwa imekwisha kukunjwa. Asubuhi alivaa sare yake ya kazi, akatoka, na Vuai akamfuata. Walipopita mbele ya kituo cha polisi hakumshika mkono.

Magari yaliyovutwa yalipelekwa nje kidogo ya mji, kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta, wenye bango lililosomeka: MAKAZI YA MUDA YA MAGARI YASIYO NA MAKAZI. Mlangoni palikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha afisa mwenye miwani na feni ndogo aliyoielekeza usoni kwake tu.

"Gari dogo la buluu," alisema afisa. "Lipo. Lina tairi la akiba, jeki, na bibi mmoja."

"Huyo ni mama yangu," alisema Zuwena.

"Hapa ameingizwa kama kifaa cha gari. Kifaa hakitolewi peke yake. Anapaswa kuja mwenye gari, alichukue gari na vifaa vyake. Mwenye gari anapita mlango ule." Alionyesha kwa kalamu mlango wa kijani upande wa pili wa ua. Mbele yake palikuwa na viatu vingi, vimepangwa vizuri, vingine vimeshika vumbi. Hapakuwa na mtu.

Zuwena alivitazama viatu vile. "Gari ni langu," alisema.

Vuai alimtazama mkewe, akaona mshipa wa shingo unavyompiga, akajua kwamba naye anaogopa. Hakuwahi kufikiri kwamba Zuwena huogopa. Akasogea dirishani, akapinda magoti ili uso wake ulingane na tundu la dirisha.

"Si lake," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikambidi arudie. "Gari ni langu. Mimi ndiye mwenyewe. Yule bibi ni mkwe wangu, namfahamu, nimekula chakula chake jana na juzi. Jana nilisema uongo mbele ya Mkaguzi."

Alifumba macho akingoja. Alisikia feni.

"Wewe ndiye yule mrefu?" afisa aliuliza.

"Ndiye."

"Hapana. Haiwezekani." Afisa alivua miwani. "Jana ulihojiwa na serikali, ukajibu kwamba gari si lako, na jibu lako likagongwa muhuri. Sasa unakuja kuniambia kwamba serikali inaweka muhuri kwenye uongo? Unataka niandike hivyo?"

"Lakini nilidanganya mimi."

"Ulidanganya kabla ya muhuri. Baada ya muhuri ni kweli. Na bibi mwenyewe alithibitisha. Ndugu, gari hili halina mwenyewe, kwa hiyo ni mali ya umma, na bibi aliyemo ni mali ya umma. Mnachoweza kufanya ni kwenda kumtazama, kama raia yeyote anavyoruhusiwa kutazama mali ya umma. Msiguse."

*

Uwanja ulikuwa wa kokoto, umejaa magari mpaka macho yalipochoka, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na watu. Mzee mmoja alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni. Mama mmoja alikuwa ameanika nguo za mtoto kwenye usukani. Waligeuka kuwatazama Vuai na Zuwena, kisha wakageuza nyuso, maana kila aliyekuja kutazama alikuwa na mtu wake.

Bi Mgeni alikuwa ameteremsha vioo. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini alipowaona alikunja uso. "Mmefuata nini huku?" alinong'ona. "Vuai, ondoka. Nimekwisha waambia sikujui, usinitie uongo kinywani."

Zuwena alimpa chupa ya maji kupitia dirishani, na askari wawili wa uwanja wakaanza kusogea. Kibandiko kilikuwa kimekwanguliwa, kumebaki gundi tu. Vuai aliitazama gundi ile. Hakuwa na mpango wowote. Alichojua ni kwamba hawezi kuondoka tena akimwacha. Akafungua mlango wa mbele, akaingia, akakaa kwenye usukani, akafunga.

"Wewe," alisema askari. "Toka. Umeambiwa usiguse."

"Siwezi," alisema Vuai. "Kilichokutwa ndani ya gari ni cha gari. Anayekitoa ni mwizi. Mkaguzi alisema."

Askari walitazamana. Zuwena alizunguka upande wa nyuma, Bi Mgeni akanyoosha mkono akamfungulia kwa ndani ule mlango mbovu, naye akaingia na sare yake nyeupe.

Afisa aliitwa. Alikuja na kitabu cha sheria kwapani, akapiga chafya kwa vumbi, akachungulia ndani.

"Nyinyi ni nini?" aliuliza.

"Vifaa," alisema Vuai. Meno yalikuwa yanagongana hata neno likatoka vipande vipande.

Afisa alifungua kitabu kwenye boneti, akasoma kwa kidole, akarudi nyuma, akasoma tena. Wakati wote huo Vuai alikuwa akiutazama mlango wa kijani kupitia kioo. Ulifunguka kidogo, mkono ukatoka, ukasogeza kiatu kimoja kikae sawa na vingine, mlango ukafungwa. Hakuwaambia wenzake alichokiona.

"Gari la ukubwa huu," afisa alisema hatimaye, "haliruhusiwi kuwa na vifaa vya kupumua zaidi ya kimoja. Hili limezidisha mzigo. Gari lililozidisha mzigo haliwezi kukaa uwanjani, litaharibu kokoto, na kokoto hizi zilimwagwa na Waziri kwa mikono yake. Litolewe nje mara moja."

"Nje wapi, afande?" aliuliza askari.

"Nje ni nje. Halina kibandiko, kwa hiyo halina ruhusa ya kusimama mahali popote. Lakini hilo si tatizo la uwanja."

Askari walilisukuma gari mpaka langoni, wakalipa msukumo wa mwisho, na barabara ilipoteremka Vuai akawasha injini.

*

Zuwena alilaza kichwa kwenye bega la mama yake kutoka nyuma, na Bi Mgeni akasema, "Haya, tuko nje. Twende nyumbani."

Walipofika Kidarajani, mahali pao palikuwa na kibao kipya, na makoti ya kijani wawili wamesimama kando yake. Vuai alipunguza mwendo. Mmoja akainua kichwa na kulitazama gari, akaitazama gundi. Vuai akakanyaga mafuta. Kupitia kioo cha nyuma aliuona mlango wa nyumba yake ukiwa mdogo, kisha haupo.

Walijaribu mtaa wa pili, kuna kibao. Wa tatu, kibao. Kila njia ilikuwa ya wakaazi wake tu. Mbele ya hospitali waliruhusiwa kusimama wagonjwa wanaokaa hospitalini, mbele ya msikiti waumini wanaokaa msikitini, na kwenye makaburi lilikuwapo bango kubwa kuliko yote. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Jua lilikuwa juu yao, na redio ya gari, iliyokuwa ikishika kituo kimoja tu, ilisema mwanga ni wa wastani.

"Likizima?" aliuliza Zuwena.

Vuai aligeukia njia ya vumbi asiyoijua, sehemu ya bondeni yenye nyumba za mabati, na hapo injini ikakohoa, ikakata. Gari likaserereka kidogo likasimama katikati ya mtaa wa watu.

Madirisha yalifungwa, moja baada ya jingine. Mahali fulani nyuma yao, mbali bado, chuma kiligonga chuma.

Kisha geti moja la mabati lilifunguka, akatoka mwanamke wa makamo, mikono yake ina unga mpaka viwikoni. Alikitazama kioo kisicho na kibandiko. Alimtazama Bi Mgeni, akamtazama Zuwena, na Vuai akamtazama kuliko wote wawili. Akaisikiliza ile sauti ya chuma. Halafu akapiga mluzi mfupi, na milango iliyofungwa ikafunguka, wakatoka watu, hawakusalimu, hawakuuliza, wakaweka mikono kwenye gari wakalisukuma mpaka uani kwake, katikati ya ndoo na kuku. Wakatawanyika kama walivyokuja.

Vuai alikuwa bado anashuka garini makoti ya kijani walipofika getini. Brekidauni lilisimama nje, linatetemeka.

"Kuna gari limeingia humu," alisema Mkaguzi wa huko, kijana mwembamba.

"Lipo," alisema yule mwanamke, akijipangusa unga. "Liko uani kwangu. Uani si mtaani."

Kijana alifikiri. Ni dhahiri kwamba jambo hilo halikuwamo kwenye mafunzo yake. "Hilo nitaliulizia," alisema. "Nitarudi na tafsiri. Na hawa watu?" Akawaelekezea kalamu. "Unawafahamu?"

Vuai aliliona swali lile likitoka kwenye kinywa cha kijana na kwenda kwa mwanamke asiyemjua, ambaye alikuwa na geti, na paa, na kuku, na pengine watoto, na hakuwa na deni lolote kwao. Alijua kabisa mwanamke yule anachokisikia tumboni wakati huo, maana hakuna mtu katika nchi ile aliyekijua kuliko yeye. Hakumlaumu kwa jibu atakalolitoa. Alichukua mkono wa Bi Mgeni akaushika.

"Nawafahamu," alisema yule mwanamke.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Kijana alimkazia macho. Mwanamke hakuyakwepa. Mwishowe kijana aliitazama namba ya nyumba, akaitikisa kalamu yake, akaondoka, na brekidauni likamfuata likiburuta mnyororo kwenye vumbi. Atarudi, hilo kila mtu aliyekuwa uani alilijua.

Mwanamke alifunga geti, akapitisha nondo, akaegemeza paji la uso kwenye mabati mpaka sauti ilipopotea kabisa. Kisha akakaa chini pale pale penye vumbi, akiwa anatetemeka mwili mzima, unga ukimdondoka mikononi.

"Haya," alisema alipopata pumzi, akiwainulia macho. "Sasa niambieni. Nyinyi ni akina nani?"